Meza Iliyofungwa Nyuzi

Tarehe 2 Mei

Kaka Kioo,

Shikamoo. Kama umeshika bunduki ya kupulizia rangi iweke pembeni kwanza, nisije nikakuharibia gari la mtu. Nimetengeneza gitaa. Sisemi kopo na mshipi kama tulivyokuwa tukifanya utotoni. Nasema gitaa la umeme, zima, lina shingo, lina vipingo vya kubania nyuzi, lina sumaku mbili nilizozizungushia waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye feni zilizoungua hapa dukani. Bosi amekuwa akijiuliza feni mbovu zinakwenda wapi. Juzi nililichomeka kwenye spika ya duka, nikapiga uzi mmoja tu, akamwacha mteja wa betri amesimama na kwenda kuita majirani.

Tangu siku hiyo situlii. Nikitoka kazini naingia chumbani na viatu vyangu kwenda kulitazama kama lipo. Nina furaha mpaka najiona mjinga.

Kiwiliwili tulikikata na jirani yetu seremala. Mbao ni nyekundu, nzito, imekauka kweli, nimeipata kwa mtu ambaye hakuwa akiitumia. Kwa sasa iko uchi. Mkono ukigusa unaacha alama ya jasho, na unanijua nikipiga natoka jasho kama mbeba mizigo. Nataka lipakwe kitu cha kulilinda, na nataka ling'ae kama yale magari yako ambayo watu huyatumia kuchania nywele. Hawakukupa jina la Kioo bure.

Na kuna haraka. Ile bendi inayopiga ukumbi wa karibu na stendi imeondokewa na mpiga gitaa wa pili. Wanatafuta mwingine, nafasi ni moja, na watatujaribu Jumamosi ya mwisho ya Juni. Mkuu wa bendi ameshatoa sharti: kila mtu aje na gitaa lake mwenyewe. Alisema la kuazima hataki, kwa sababu mwenye nalo akinuna litaondoka katikati ya wimbo. Mimi maisha yangu yote nimepiga magitaa ya kuazima, Kaka. Safari hii nikienda mikono mitupu, basi tena.

Nakuandikia kwa sababu simu ya duka bosi haruhusu maneno marefu, na mimi mafupi sina. Mama mzima. Anauliza utakuja lini. Nimemjibu kama ulivyoniagiza, kwamba ukimaliza gari lililoko mkononi.

Mdogo wako,
Chiriku

*

Tarehe 9 Mei

Chiriku,

Marahaba. Barua yako imesomwa na gereji nzima. Fundi mkuu, ambaye hacheki hata akitekenywa, ameniuliza kama waya wa feni kweli unaweza kuimba. Nikamwambia hamjui dada yangu, alipokuwa mdogo alifungua saa ya ukutani kutafuta aliyekuwa anagonga ndani. Nina fahari na wewe kuliko ninavyoweza kuandika, kwa hiyo naingia kwenye kazi.

Sikia vizuri. Kung'aa hakutoki kwenye kopo, kunatoka kwenye msasa. Anza na ule mkali, umalizie na laini, na siku zote ufuate mwelekeo wa nyuzi za mti. Ukikatisha, mikwaruzo utaiona siku umeshapaka, na utalia. Halafu ufute vumbi kwa kitambaa kikavu, ubadilishe kitambaa, ufute tena. Chumba utakachopakia mwagia maji sakafuni, vumbi lilale. Usivae sweta lile lako la manyoya, maana vanishi inapenda manyoya kuliko paka. Ning'iniza gitaa kwa waya kupitia tundu la shingo ili usilazimike kulishika.

Kwa kuanzia nunua vanishi ya mbao, kopo dogo, na brashi mpya. Paka kwanza kwenye kipande kilichobaki, ukaone inavyokaa. Nakujua. Utataka kuruka hatua hiyo. Usiiruke.

Ukishapaka, ondoka. Usirudi kuligusa kwa kidole "kidogo tu". Katika gereji hii tuna jina la mtu anayegusa rangi mbichi, lakini siwezi kuliandika kwenye barua ambayo Mama anaweza kuiona.

Huo ukumbi wa karibu na stendi naukumbuka. Ni karibu na nyumbani, utapiga jioni na kurudi kulala kwako. Nimefurahi. Nikikuwaza uko hapo na Mama, huku nafanya kazi moyo wangu umetulia. Mwambie namaliza basi moja la shule halafu nitaona.

Kaka yako,
Kioo

*

Tarehe 20 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimeharibu kila kitu.

Nilipiga msasa mpaka vidole vikawa havina alama. Nilimwagia maji, nikavaa fulana nyepesi, nikaning'iniza gitaa stoo. Lile kopo lilipofunguka, ile rangi ya asali, nikashindwa kusubiri. Kipande nilikiona pale chini kimenitazama, nikakipita. Nikapaka gitaa lenyewe.

Mwanzoni lilipendeza hadi nikaanza kuimba. Halafu vanishi ikaanza kukimbia. Kaka, nakwambia inakimbia, mbele ya macho yangu. Unapaka hapa panalainika, ghafla panafunguka kitundu, ukingo wake umejikunja, katikati mti mkavu. Kingine pembeni. Kingine. Mwisho gitaa zima lilikuwa na macho kama lina tetekuwanga. Nikasema pengine ikikauka yatajifunga. Sasa wiki imepita na haijakauka. Pale ambapo haina matundu inanata. Nzi ametua juzi, bado yupo.

Jirani seremala amekuja kuangalia, akatikisa kichwa, akasema hajawahi kuona. Bosi wangu anasema vanishi ni ya uongo. Nimekwenda kugombana na mwenye duka, akafungua kopo jingine akapaka kaunta yake mbele yangu, ikakauka kesho yake safi kabisa. Nimerudi nimeinamisha kichwa.

Juni inakuja. Nisaidie, halafu ndiyo unitukane.

Chiriku

*

Tarehe 25 Mei

Chiriku,

Marahaba. Sikutukani, ingawa fundi mkuu amejitolea.

Tulia kwanza. Hilo halijafa. Macho ya namna hiyo sisi tunayaona kwenye magari ambayo wenyewe waliyapaka mafuta ya kung'arisha kwa miaka. Rangi ikikuta mafuta haikai, inayakimbia. Kopo halina kosa. Mbao yako ndiyo imekunywa kitu, na imekunywa muda mrefu, hadi ndani. Na huko kutokauka kunanishangaza zaidi. Mafuta ya kawaida yanaleta macho, lakini hayazuii vanishi kukauka wiki nzima. Kuna kitu cha pili humo.

Kwangua vanishi yote kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, na kipande cha kioo, utupe kitambaa kila kikichafuka, maana ukirudia kile kile unahamisha mafuta tu. Halafu nijibu swali moja. Mbao hii ulisema umeipata kwa mtu. Mtu gani, na ilikuwa nini kabla ya kuwa gitaa? Mbao ya kiwandani hailishwi mafuta. Hii ilikuwa kitu ndani ya nyumba ya watu.

Kile kipande ulichokipita nitumie kwa basi, mpe kondakta wa asubuhi. Nitajaribia hapa mpaka nipate dawa yake.

Kioo

*

Tarehe 29 Mei

Kaka,

Shikamoo. Kipande hicho, nimekifunga kwa gazeti. Gitaa nimelikwangua, limerudi uchi, nzi amezikwa kwa heshima.

Kuhusu mwenye mbao, ni mtu mzima, hakupenda atajwe. Ilikuwa samani. Samani ya kawaida tu.

Nina haraka, bosi ananiita.

Chiriku

*

Tarehe 3 Juni

Chiriku,

Wewe kuandika barua ya mistari mitano kulitosha kunishtua hata kabla sijafungua gazeti.

Nilikiweka kipande kwenye meza ya kazi nikapiga msasa. Mara ya kwanza sikusikia kitu, gereji nzima inanuka tina. Nikaendelea mpaka mbao ikapata moto chini ya mkono, na ule unga mwekundu ukanipanda puani. Karafuu.

Nilikaa chini, nakwambia kweli. Ni nyumba moja tu naijua ambako mabaki ya mishumaa yanayeyushwa kwenye mafuta ya taa, yanatiwa mafuta ya karafuu ili yasinuke, na kila Jumamosi mwenye nyumba anasugua mbao kwa kitambaa cha shati kuukuu. Mimi ndiye nilikuwa nakoroga. Nta ndiyo imeleta macho, na mafuta ya karafuu ndiyo yaliyozuia vanishi kukauka. Nilimweleza fundi mkuu, akasema katika maisha yake yote hajasikia mtu akiharibu vanishi kwa karafuu. Familia yetu ina kipaji.

Umeikata meza ya Mama. Meza niliyojifunzia kuandika. Nilikuwa naiwaza iko pale pale sebuleni, imefunikwa kitambaa, inanisubiri, na wewe umeitoboa matundu ya kupitishia waya. Nimekasirika sana. Na "mtu mzima, hakupenda atajwe", Chiriku, huko ni kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama anajua, au umemwambia iko kwa seremala inatengenezwa mguu?

Dawa ninayo, na sikunyimi. Kesho kondakta atakuletea boksi. Kuna chupa ya shelaki, vile vigae vya rangi ya asali nimekuyeyushia kwenye spiriti. Hiyo inakaa hata juu ya nta. Paka nyembamba kwa kitambaa, mara tatu au nne, inaziba mafuta yabaki chini na kila kitu kinachokuja juu kisijue. Halafu kuna kliya ya gari, ule mpako wa juu usio na rangi, ile ile ninayotumia, na chupa yake ya kukazia. Na bunduki yangu ya zamani. Mtafute mtu mwenye mashine ya upepo. Kliya hii ni kali, barakoa yenye vichujio nimeiweka juu kabisa ya boksi ili uione kwanza. Ivae. Pulizia nje ya nyumba, watu wakae mbali, na usiivue mpaka umalize kuosha bunduki.

Nimekuandikia vipimo kwenye karatasi ndani ya boksi. Ukishamaliza, niandikie ukweli.

Kioo

*

Tarehe 16 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Nina habari njema, na ukweli uko mwishoni kwa sababu nikianza nao hutasoma hili la kwanza.

Fundi wa matairi wa kona ya pili ndiye mwenye mashine ya upepo. Alipoona bunduki yako aliishika kama mtoto mchanga. Shelaki nilikuwa nimeshaipaka, Kaka, na haikukimbia hata sentimita moja. Ilikaa. Nilisimama na kitambaa mkononi nikasubiri macho yafunguke, hayakufunguka, na nikamkumbatia seremala ambaye alikuwa amepita tu kuazima nyundo.

Tukamwagia maji ua wote wa matairi. Fundi akafukuza wateja. Mwenye lori mmoja alikataa kuondoka, akasema tairi lake ni muhimu kuliko ubao wetu, lakini nilipoanza kupuliza hakusogea tena kwa sababu nyingine. Nilifanya kama ulivyoandika kwenye karatasi, mkono unatembea kwanza ndipo kidole kinabonyeza, na mkono haukai mahali. Mpako wa kwanza ukungu tu. Wa pili ndipo ule mti ukaamka. Wekundu ulitoka chini, Kaka, mistari ambayo sote tumekula juu yake miaka yote hatujawahi kuiona. Wa tatu nikajiona. Barakoa yako, macho mawili na anga nyuma yangu. Mwenye lori alivua kofia.

Sikuligusa. Nilirudi nyumbani mikono mfukoni.

Sasa ukweli. Mama ndiye aliyenipa. Sikumwomba. Nilikuwa nahangaika kutafuta mbao, kila niliyopata mbichi au imeliwa na wadudu, naye alikuwa anasugua meza kama kila Jumamosi. Akaacha kusugua. Akasema, "Hii ni meza ya watu wanane. Sisi tunaokula ni wawili. Ikate." Nikamwambia Kaka atakasirika. Akanijibu kwamba anayetaka meza isikatwe aje ale. Akaniomba nisimtaje kwako, maana alijua ukisikia utaacha kunisaidia na utaanza kuandika barua za pole. Miguu iko stoo. Tunakula kwenye kistuli.

Na kuna la pili, ambalo nimelificha mwenyewe. Bendi haibaki hapa. Wamepata mkataba wa kuzunguka miji, wataondoka mwanzo wa Julai, mwaka mzima na pengine zaidi. Ulipoandika kwamba moyo wako umetulia nikiwa hapa na Mama, nikashindwa kukwambia. Mama anajua tangu mwanzo. Alijua kabla hajaacha kusugua.

Niambie tu, nifunge nyuzi lini? Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu ndiyo yenyewe, na nahitaji siku za kulizoea.

Chiriku

*

Tarehe 20 Juni

Chiriku,

Nimefurahi limetoka vizuri.

Kuhusu nyuzi, kliya ile ikipuliziwa juu ya shelaki inachukua muda. Subiri wiki sita kabla ya kufunga kitu chochote. Ukifunga mapema, mkazo utaipasua na kazi yote itakuwa bure. Najua Jumamosi ina maana kwako, lakini bendi zipo nyingi na nyingine zitakuja, hata hapo hapo mjini.

Liache stoo, lifunike kwa shuka bila shuka kuligusa.

Kioo

*

Tarehe 26 Juni

Chiriku, mdogo wangu,

Funga nyuzi. Ukiisoma barua hii umesimama mlangoni, ingia ndani ufunge nyuzi sasa hivi, halafu urudi kumalizia.

Nilikudanganya. Kliya ile ikilala usiku mmoja ishakauka, ikikaa siku mbili tatu unaweza kuigonga kwa kijiko. Iwe juu ya shelaki au juu ya bati. Wiki sita nilizitoa kichwani mwangu.

Uliposema unaondoka, sikulifikiria gitaa. Nilimfikiria Mama yuko peke yake kwenye kistuli. Halafu nikafikiria kwamba mtu anayetakiwa kurudi hapo ni mimi, na hapo ndipo nilipoandika wiki sita. Ilikuwa rahisi sana. Wewe ni mtu usiyeamini hata kopo la vanishi lakini mimi unaniamini, na niliitumia hiyo imani kukuzuia ukae unilindie nafasi. Naona aibu, Chiriku. Sina namna nyingine ya kuisema.

Hapa kila asubuhi wananiuliza, gitaa limeshaimba? Leo fundi mkuu kaniuliza tena mbele ya wote, nikamjibu linasubiri wiki sita. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini, wakidhani nimewatania. Fundi mkuu akaniuliza kama siku hizi napuliza magari kwa uji. Nilicheka nao, nikaenda chooni nikakaa huko hadi nikapata nguvu ya kuandika.

Nampa kondakta wa jioni barua hii, na nimemwambia ni ya mgonjwa ili asiisahau. Sijui kama itakufika kabla ya Jumamosi. Kama haikufika, na ukaikosa nafasi hiyo kwa ajili yangu, usinijibu. Nitajua.

Kioo

*

Tarehe 30 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nakujibu. Basi la kondakta wako liliharibika njiani likalala huko siku tatu, barua imenifikia leo Jumapili.

Ile ya wiki sita ilipofika nililia kwanza. Sikutaka hata kula. Mama akaniuliza nini, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza gari analolipuliza Kioo leo mwenye nalo anakuja kulichukua lini. Nikasema kesho yake, keshokutwa. Akauliza, linakwenda wapi? Nikasema barabarani. Akasema, "Kwenye vumbi na mvua na mawe. Na gitaa lisubiri wiki sita stoo." Akainuka kwenda kuosha vyombo, na huko huko akaniambia nilete nyuzi.

Nilikuwa naogopa. Nilikaza uzi wa kwanza taratibu huku nimefumba jicho moja, nikisubiri mlio wa kupasuka. Hakukuwa na mlio. Nikakaza wa pili. Hadi wa sita mimi na Mama tulikuwa tumeshikana mikono kama watu walioko kwa daktari. Hakikupasuka chochote. Alama ya ukucha hakuna.

Jana tulikuwa saba. Walionitangulia wote walikuwa na magitaa ya dukani. Mimi nilipotoa langu kwenye blanketi, taa ya ukumbi ikalipiga na doa la mwanga likaruka hadi darini, kila mtu akatazama juu. Mpiga ngoma akauliza limetoka nchi gani. Nikamjibu limetoka sebuleni. Wakacheka, na mimi moyo ukashuka mahali pake, Kaka, nikaanza kupiga.

Sikumbuki yote. Nakumbuka kwamba mkuu wa bendi alikuwa anapekua karatasi zake na akaziacha. Nakumbuka sauti ilikuwa nene, ile ya mti mzee, na kwamba nilitoka jasho kama kawaida yangu, mkono wote umelowa, na nilipomaliza nikapitisha kitambaa mara moja na gitaa likawa kama halijaguswa. Mkuu wa bendi alikuja akalichukua, akaligeuza, akatafuta kasoro mgongoni, akatafuta ubavuni. Akaniuliza nani kalipuliza. Nikasema nimelipuliza mimi, kwa mkono wa kaka yangu. Akanirudishia akasema basi linaondoka Alhamisi asubuhi, nije na nguo za baridi.

Nimechukuliwa. Nimeandika neno hilo na nimelitazama kwa muda.

Halafu leo nikasoma barua yako. Nilikasirika, sitakuficha. Ningekuwa mtu wa kutii ningekuwa stoo hadi sasa, nimekaa karibu na shuka. Nilitaka kuichana. Nikampelekea Mama, akasoma, akasema tangu siku ile alijua si kliya inayokusumbua, ni wewe mwenyewe. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, na hiyo ni mbaya zaidi, nakwambia ili ujue.

Mimi hasira yangu imekwisha. Ulinidanganya kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukanitumia boksi. Lakini naondoka Alhamisi, Kaka. Atabaki na kistuli.

Chiriku, wa bendi

*

Tarehe 14 Julai

Chiriku wa bendi,

Marahaba. Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani kwako, kwa hiyo barua hii inatoka nyumbani. Nilifika Ijumaa, siku moja baada ya basi lenu kuondoka. Fundi mkuu aliniuliza nakwenda kwa muda gani, nikamwambia sijui, akanipa bunduki mpya na kunikunjia uso kama amenikopesha figo.

Mama alikuwa mlangoni anafagia. Akanitazama, akasema nimekonda, akaendelea kufagia upande niliosimama mpaka nikalazimika kuingia ndani.

Nimetengeneza meza. Miguu ile ile iliyokuwa stoo, nimeifupisha na kuisogeza, juu nimeweka mbao mpya ndogo, ya watu wanne wakibanana. Jirani seremala alinisaidia kupiga randa, fundi wa matairi akaniachia ua, na wateja wake wanakuulizia. Yule mwenye lori anauliza bendi inapiga wapi. Nimemkataza Mama kusogeza chupa ya karafuu karibu hadi nimalize, akanijibu kwamba meza ni yake na karafuu ni yake, lakini amesubiri.

Leo mchana niliileta sebuleni. Imeng'aa, unaweza kuhesabu meno yako. Mama aliizunguka, hakuigusa, akaniuliza inakauka lini. Chiriku, nilikuwa na majibu mengi mdomoni. Nikamwambia ukweli. Nikasema kesho asubuhi.

Akatikisa kichwa. Akasema, "Basi keshokutwa utapanda basi."

Nikamwambia sipandi. Nimeshaongea na fundi wa matairi, upande wa nyuma wa ua hautumii, ananipa nipulizie magari hapo. Nimeanza na mlango wa lori. Nilimweleza yote hayo kwa haraka, kama mtu anayejitetea polisi, na yeye alikuwa anatazama meza tu. Nilifikiri hakunisikia.

Mwisho akasema, "Kanunue godoro. Hilo la mdogo wako ni fupi, miguu itakuning'inia."

Kaka yako,
Kioo